Mbuzi ya dot iko mu motokari

Pa kiti ya Mado, muuzishaji wa kafe mu Kamalondo, kafe inachemuka tangu asubui na hakuna muntu mwenye kunyamaza. Ile siku ya posho, ni kusema Jumamosi, yaya Anaclet, mukubwa wetu, alisimamisha pale motokari ya oncle yake, ndugu ya mama yake. Alikuwa anapeleka dot, mali ya kuoa, kwa baba ya muchumba wake Léa: mbuzi na kostime, suti ya mukwe. Saa sita kamili bakwe banamungoja. Alifinya telekomande ya milango, alitia mu mufuko, alikuya kunywa kafe ya kupata roho. Kisha kunywa, anafinya: kimya. Mbuzi iko nyuma ya vitre, kile kioo ya mulango, inatuangalia. Pembeni yake, kostime.

— Finya tena, Osée anasema. Huyu tunamuita Ingénieur, juu alitengenezaka radio ya kanisa. Tangu ile siku radio haisemi tena, lakini jina ilibakia.

— Nafinya tangu saa tano, Ingénieur!

— Unafinya na kidole ya uoga. Telekomande inasikia.

— Ni pile njo ilikufa, ile betri ya ndani, Mado anasema.

— Mama Mado, weye koroga sukari. Pile haiwezi kufa siku ya dot. Ni ile antena ya réseau ya telefone kule juu! Onde yake, mawimbi ya hewani, inakula onde ya telekomande.

Kalaba alicheka mpaka kafe ilimwangika. Yeye tunamuita Douane, sawa mutu wa forodha, juu alifikaka pa mupaka mara moja.

— Antena? Weye! Hii motokari ilitoka Japon. Haiyaonaka mbuzi. Mu ndani muko mashini ya kupima harufu. Inasema: pole, mi siko ya mbuzi, najifunga.

— Ile mashini uliiona wapi?

— Pa mupaka. Nilisoma makaratasi.

— Unajua kusoma kijapon?

— Kulikuwa foto.

Mi nilisema basi tuvunje vitre. Anaclet aliruka mbele yangu, mikono wazi sawa golikipa.

— Hapana muntu kugusa! Oncle alisema: bintu ya dot, hakuna mukono ya bure ya kubigusa mpaka bakwe babione. Na motokari ni yake!

Njo bile, karibu saa nzima tulikuwa tunaizunguka, mikono mu mugongo, sawa bantu ba pa matanga.

— Mi nimejua, Douane anasema. Ni baba ya Léa. Hataki kutoa mutoto. Alifunga motokari akiwa kwake, na roho tu.

— Kwake ni avenue tatu toka hapa, Mado anasema. Anaclet, uliomba motokari ya kwenda avenue tatu?

— Mama, nilitaka banione nikishuka.

— Tulikuona. Sasa tunangoja kukuona ukipanda.

Telefone ililia. Ni Léa. Alisema kwa nguvu, siye bote tulisikia:

— Anaclet, ni saa sita kasoro kumi! Papa amevaa viatu. Ikipita saa sita, anavua, na akivua ni mpaka mwaka kesho!

Anaclet alifinya telekomande na mikono mbili. Mu motokari, mbuzi ilianza kunusa mukono ya kostime.

Njo pale Gracia, mushonaji, alifika na kikombe yake. Tulimuelezea yote: antena, Japon, roho ya mukwe. Alisikiliza, alipuliza kafe.

— Yaya Anaclet, wakati ulishuka, ulifunga na nini?

— Na telekomande.

— Hii yenye kufa?

— Eeh.

— Wakati ulifinya, taa iliwaka?

— Sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya kafe.

— Basi motokari, nani aliifunga?

Ingénieur aliangalia antena. Douane aliangalia mu kikombe. Gracia alinyoosha mukono, alivuta mulango.

Ilifunguka.

Mbuzi ilishuka pole pole, sawa mukubwa, na kifungo ya kostime mu kinywa.

— Motokari haitawaka, Ingénieur anasema. Kuiwasha nayo inataka telekomande.

— Avenue tatu! Mado alipiga kelele. Tembeeni!

Tulienda. Ingénieur kuvuta kamba ya mbuzi, Douane kutafuta kifungo mu meno ya ile mbuzi, Gracia kushona kostime akiwa anatembea, sindano juu, sindano chini. Pa kona, Anaclet alisimama, aligeuka nyuma, alitoa telekomande mu mufuko, alifinya.

— Nafunga tu, alisema. Kuko bezi ba kuiba motokari.