Mzee Heen Banda na Bwawa la Kirimetigala

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Heen Banda, mlinzi na mfagiaji wa hekalu la kale la Kibuddha la kilima cha Kirimetigala, anastaafu siku ya mwezi mpevu wa Nikini, yaani wa Agosti. Ofisi yetu ya mambo ya kale inamuaga kwa furaha, na kwa aibu tuliyoshindwa kuificha.

Alianza kazi akiwa bado na nywele. Alifagia ngazi mia nne na kumi na mbili kabla mahujaji hawajaamka, alifukuza nyani waliokula maua ya sadaka, na aliwahi kumbeba mgongoni hadi chini afisa wa makao makuu aliyekuja kukagua usalama wa ngazi.

Hadithi ya bwawa la kileleni aliisimulia kwa ufupi: mtawa wa zamani alitaka kuosha bakuli lake juu ya mwamba mkavu, maji yakatoka. Basi. Maneno "halijawahi kukauka" tuliyaongeza sisi, kwa lugha tatu, kwenye kibao cha shaba. Mkuu wetu aliandika hadi makala kuhusu chemchemi ya chini kwa chini, na michoro.

Kiangazi cha mwaka jana, goti lilimlaza Mzee siku tisa. Siku ya sita bwawa likawa tope. Bibi mmoja mwenye mavazi meupe, aliyepanda na chupa amchotee maji mumewe mgonjwa, alilitazama tope, akatazama kibao, akatutazama sisi.

"Wanangu, nimepotea njia?"



Siku ya kumi Mzee alionekana akipanda, anachechemea, madumu mawili ya maji mikononi. Ndipo tulipoelewa kwa nini kila kiangazi alichelewa kusaini daftari la mahudhurio, shati limelowa. "Vipi Mzee, umeoa tena?" tulimtania, kisha tukamwandikia "kachelewa" kwa wino mwekundu. Kalamu ilikuwa ya mwandishi wa wasifu huu.

Aliyeona haya zaidi alikuwa Mzee mwenyewe. Alikwenda kupiga magoti mbele ya mtawa mkuu, na goti lile lile bovu, kuungama kwamba amewadanganya mahujaji.

"Ulimwambia nani kwamba halikauki?" mtawa akauliza.

"Sikumwambia mtu, mtukufu. Nilimwaga maji tu. Watu wanapanda na kiu."

"Sasa aliyesema uongo ni nani?"

Tulikuwa tumesimama pale pale, sisi wote saba wa ofisi, pekupeku, kila mmoja akikagua vidole vyake vya miguu.

Jana tuliking'oa kibao. Atakayeuliza kama bwawa hukauka, tutamjibu kwamba hukauka, kila mwaka, na kwamba kulikuwa na mtu akilijaza.

Mzee Banda, asante, na utusamehe. Tunakuombea goti jepesi, usingizi mrefu wa asubuhi, na nyumba isiyo na ngazi hata moja.