Fundi Saa Atafuta Daktari wa Mtoto

Asubuhi hiyo benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa. Kinyozi hakuwa na mteja, na Kinyozi akikosa mteja huanza kufikiri, hapo wenzake lazima waumie. Kushoto alikaa Redio, aitwaye hivyo kwa kuwa hazimiki. Katikati yao alibanwa Fundi Saa, mwenye binti wa miaka mitatu anayelia na sikio tangu jana. Daktari wao wa zamani alikuwa amehama mji. Mke wa Fundi, akiwahi kazini, alimwacha mtoto kwa bibi yake ng'ambo ya barabara, na mumewe alimwachia kazi: "Safari hii daktari mtafute wewe. Nikirudi mchana uwe umempata." Fundi alifurahi kuaminiwa. Akaja moja kwa moja kwa wataalamu.

— Daktari wa watoto haangaliwi cheti, alianza Redio. Anaangaliwa foleni. Haraka haraka haina baraka. Akikuona mapema, kimbia.

— Mtoto anaumwa, bwana!

— Ndiyo maana usiharakishe.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Nisikilize mimi, Fundi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Daktari mwenye kibao mlangoni achana naye. Mtafute asiye na kibao.

— Sasa nitamjuaje?

— Hutamjua. Huyo ndiye bingwa.

— Acheni utani, alisema Redio, akajimiminia kikombe cha tatu. Wahenga walishasema mganga hajigangi. Ukiingia ukamkuta daktari anakohoa, mafua yanamtiririka, macho mekundu, tulia hapo hapo. Akili yote ameimalizia kwa wagonjwa.

Fundi Saa alicheka mpaka kahawa ikampalia. Aliwapenda watu hawa, ila mchana ulikuwa unakuja na mkononi hana kitu.

Ndipo akafika mama mmoja kumnyolesha mwanawe. Alikuwa amesikia yote tangu kona.

— Kaka zangu, mnahangaika na nini? Nyuma ya shule ya msingi kuna mama daktari, ndiye anayemtibu huyu wangu. Ana kibao kikubwa tu, na hakohoi. Anachuchumaa, anaongea na mtoto kwanza.

— Mungu akubariki, dada, alisema Fundi. Nampeleka leo leo.

— Mpeleke. Atakuuliza tu, sikio gani?

Fundi Saa, anayesikia saa inayochelewa kabla hajaifungua, alijishika sikio la kushoto, kisha la kulia. Usiku kucha alimbeba yule mtoto, akamwimbia, na hakuwahi kumuuliza. Aibu ilimshika kwelikweli.

— La kushoto, alisema Redio.

— Umejuaje?

— Mengi huwa ya kushoto.

— Hapana, ya kulia, alisema Kinyozi. Mimi ndiye ninayeyaona kila siku.

Wakageuka wamwachie Fundi akate shauri. Kikombe chake kilikuwa bado kinafuka moshi, mwenyewe ameshavuka barabara, anakwenda kumuuliza mwenye sikio.