Daktari Bado na Mbuzi Ambao Hawajawa Mbuzi

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu Daktari wetu wa dawati la uingizaji wa mifugo. Kwenye karatasi za idara anaitwa ofisa mwandamizi wa afya ya wanyama. Sisi tuliokaa naye chumba kimoja tunajua kuwa kazi yake hasa ilikuwa viinitete: mimba changa za kondoo na mbuzi zilizotolewa tumboni mwa mama mmoja, zikagandishwa, zikaletwa kutoka mbali ili zipandikizwe kwa mama mwingine. Kama sentensi hiyo umeisoma mara mbili, usijilaumu. Kuna watu humu ndani wanaisoma bado.

Alitokea machinjioni, alikokuwa akikagua nyama. Aliipenda kazi ile kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, mnyama alikuwa ameshakufa na maswali yamepungua. Kisha akahamishiwa kwetu, na maswali yakaanza.

Mzigo wake wa kwanza ulikuja na maelezo mafupi: kondoo na mbuzi, sitini. Akatoka asubuhi na dereva wa idara kwa lori la mifugo, kamba zimepangwa, majani makavu yamejaa nyuma. Uwanja wa ndege wakakabidhiwa mtungi mmoja wa chuma, mkubwa kidogo kuliko debe la maziwa, unatoa moshi mweupe wa baridi. Dereva akauzunguka.

"Wako wapi?"

"Humu," Daktari akamjibu.

"Wote?"

"Wote."

Dereva akageuka kulitazama lori. "Sasa haya majani nayapeleka wapi?"

Ofisa wa forodha naye alikuwa na karatasi inayotaka jibu moja: nyama, dawa, au wanyama hai. Daktari akasema ni wanyama. Hai? Akautazama mtungi, akamtazama ofisa, akasema, "Bado." Ofisa akaandika hivyo hivyo, na kuanzia siku ile sisi tukamwita Daktari Bado.

Msidhani baadaye mambo yalinyooka. Masharti ya afya ya viinitete si ya kiinitete peke yake. Mama aliyekitoa awe mzima, na baba pia, na kundi walilotoka lisiwe na maradhi, na majirani wa kundi hilo waangaliwe. Timu iliyokitoa iwe imeidhinishwa. Kisafishwe mara kadhaa katika maji maalumu, kila mara chombo kipya. Kitazamwe kwenye darubini kuhakikisha ganda lake laini halijapasuka wala halijashikwa na uchafu. Kitiwe kwenye mrija wenye alama, mrija utiwe mtungini, mtungi upigwe lakiri, na namba ya lakiri ifanane na ya kwenye cheti. Tulipokuwa tumeshayameza yote haya, yalitoka masharti mapya, na tukarudi darasani. Daktari Bado alichora duara ubaoni, akachora duara ndani ya duara, halafu akasimama na chaki mkononi akijiuliza la ndani lilikuwa lipi. Hakuona haya kutuambia amepotea. Wengine wetu tulikuwa tumepotea muda mrefu, ila tulikuwa tunaitikia kwa vichwa kana kwamba tunaelewa.

Lakini wasifu huu haujakamilika bila habari ya wifi yake.

Dada wa mumewe ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaofuga mbuzi wa maziwa. Kikundi kilijichanga, kikaagiza viinitete vya mbuzi wa aina bora. Ombi lilipofika, Daktari akaenda kwa mkuu wetu wa idara kuomba mtu mwingine alishughulikie, kwani mwombaji ni ndugu. Mkuu akamwuliza nani mwingine. "Mimi hilo neno viinitete lenyewe linanipinda ulimi," alisema. Wakakubaliana kuwa mkuu asome kila anachoandika Daktari. Mkuu akasoma, na nadhani hakuelewa.

Mtungi ulifika salama. Cheti kizuri, lakiri nzima. Siku hiyo hiyo ikaingia simu kutoka huko ulikotoka: shamba jirani na lile la mama waliotoa viinitete lina mbuzi mmoja anayetetemeka na kujikuna mpaka manyoya yanatoka. Wanashuku ule ugonjwa wa ubongo unaokaa ndani ya mnyama miaka bila kuonekana. Hawana hakika. Watapima.

Masharti yalisema la kufanya kama kundi lenyewe lina ugonjwa. Yalisema la kufanya kama halina. Kwa jirani anayeshukiwa baada ya viinitete kuchukuliwa, hayakusema kitu. Tuliyapitia sote, mbele na nyuma, na kila mmoja akatoka na jibu lake. Mimi mwenyewe nilitoka na mawili.

Wifi alifika akiwa na kanga begani na tabasamu la mtu aliyekuja kuchukua chake. Mbuzi wa kupandikizwa walikuwa wameshachomwa sindano za kuwaweka tayari kushika mimba kwa wakati mmoja. Siku zao zikipita, msimu umepita. Mtaalamu wa kupandikiza alikuwa ameshaketi nyumbani kwa wifi, anakunywa chai.

"Wifi, nipe mtungi wangu niwahi."

"Keti kwanza, wifi."

Hakuketi. Daktari akamweleza yote, pale pale kwenye korido, mbele yetu.

"Kwa hiyo ni vibovu?"

"Sijui."

"Ni vizima?"

"Sijui, wifi yangu."

"Hujui, na bado unanizuia?"

"Ningejua ni vibovu ningevichoma. Ningejua ni vizima ungekuwa njiani saa hizi. Kwa kuwa sijui, vitakaa hapa."

Wifi akatutazama sisi mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. Hakumpata. Akaondoka bila kuaga, na Daktari akaingia stoo, akakaa juu ya boksi kando ya mtungi. Nilipomfuata aliniuliza kama mimi ningefanyaje. Nikasema ningefanya kama yeye. Akasema, "Usinijibu kwa adabu. Nijibu kweli."

Miezi ile ya kungoja majibu ilikuwa mirefu kwake. Naitrojeni ya baridi kali inayoviweka vimeganda mtungini hupungua yenyewe, kwa hiyo kila wiki alikwenda kupima kwa kijiti na kujaza, hata alipokuwa likizo. Nyumbani, wifi alikuwa anazungumza naye kupitia kwa mume wa Daktari. "Mwambie mkeo anisogezee chumvi," anasema, na chumvi iko katikati ya wote watatu. Mume, masikini, alikuwa anasogeza.

Majibu yalipokuja yalikuwa safi. Yule mbuzi wa jirani hakuwa na ugonjwa ule. Alikuwa na upele.

Wifi akaja kuchukua mtungi. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Yaani vilikuwa vizima siku zote?"

"Vilikuwa vizima."

"Basi ulikosea."

Tulitegemea Daktari Bado aseme hapana. Tulitegemea aseme ndiyo. Akasema, "Nimekaa na swali hilo kila siku, wifi, na halijanipa jibu." Akabeba upande mmoja wa mtungi, wifi akabeba wa pili, wakaupeleka garini. Msimu uliofuata walizaliwa vitoto kumi na wawili. Mmoja wao, jike lenye kelele, wifi alimpa jina la Upele.

Tumejadili kisa hicho chumbani kwetu hadi leo, na nusu yetu wanasema alichelewesha watu bure. Nusu nyingine tunasema siku ile hakukuwa na mtu aliyejua kuwa ni bure. Wanaobadili upande ni wengi, mimi mmojawapo.

Wiki iliyopita liliingia ombi la viinitete vilivyotungwa maabara, si tumboni. Nilimpelekea. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani, akanirudishia. "Hili ni lako sasa," akasema, akaenda kumwagilia maua yake dirishani. Mwombaji yuko kwenye korido, anatembea huku na huko. Nimeshamwambia nisichokijua, na hajafurahi.

Daktari anahamia kwenye shamba la kikundi cha wifi yake, kilichomchagua kuwa mshauri. Katika miaka yote hii hajawahi kukamua mbuzi hata mmoja. Wifi ameahidi kumfundisha, na kwa jinsi alivyotabasamu akiahidi, hatuna hakika kama tumpongeze Daktari au tumwonee huruma.

Ahsante, Daktari Bado, kwa kutuvumilia, na kwa kupotea nasi bila kujificha. Tunakuombea afya, ndoo iliyojaa na mbuzi wapole. Ukikwama bandani, tupigie. Nasi tukikwama huku, tafadhali upokee.