Fundi Alfredi Nambunga na Nyumba Ishirini na Tatu za Mteremkoni, 1961–2025

Wapendwa waombolezaji, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi watani wetu mliochukua hata kiti cha msomaji, tunaomba utulivu, walio juani wasogee kwenye turubai, maana historia ya mzee wetu si fupi, na ingekuwa ndefu zaidi kama familia ingetii agizo lake la kutaja kila nyumba aliyojenga na kila ufa uliotokea.

Marehemu Fundi Alfredi Erasto Nambunga, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Valeria, alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 katika kijiji cha Chiwata, Wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Erasto Nambunga na marehemu Bibi Bibiana, wakulima wa korosho, mihogo na mbaazi, watu wasio na makuu, ambao nyumba yao ya miti na udongo ilikandikwa upya kila mwaka baada ya mvua, kazi ambayo Alfredi aliipenda kuliko kuokota korosho, na kwa sababu hiyo alikosana na baba yake mara nyingi kuliko watoto wote.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Chiwata kuanzia mwaka 1969, akahitimu darasa la saba mwaka 1975, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hakuona haya kulisema hilo hata mbele ya wanawe waliofaulu. Januari 1976 alikwenda Lulindi kukaa na mjomba wake, akajifunza uashi kwa Fundi Charles, mzee aliyekuwa akikarabati majengo ya misheni, ambaye mwaka mzima wa kwanza hakumpa mwiko, alimpa sururu na koleo, akamwambia achimbe misingi mpaka aweze kutofautisha kwa kunusa udongo mkavu na udongo ulioingiwa na maji. Mafunzo hayo yalimwingia sana, na hapa tuseme ukweli kwamba alikuwa kero, kwani akialikwa harusini alitazama kwanza pembe za nyumba, ndipo akamtazama bibi harusi.

Kuanzia mwaka 1980 alifanya kazi Masasi mjini, na Agosti 1986 aliitwa hapa Newala kujenga nyumba ya mwalimu mmoja upande huu ambako mji unaishia na ardhi inaanza kuteremka kuelekea bondeni. Kule Masasi alikuwa amezoea viwanja vya tambarare, huku akakuta kiwanja ambacho ukiweka ndoo inabingirika yenyewe, kwa hiyo alikaa siku mbili bila kuchimba chochote, akitazama tu mvua inapita wapi, kisha akachimba msingi wa kushuka ngazi kwa ngazi, akasuka nondo, akamwaga zege, na nyumba ile imesimama hadi leo. Alikuja kwa miezi mitatu, akakaa miaka thelathini na minane.

Sababu moja ya kukaa ilikuwa kazi, na sababu ya pili ilikuwa Dominika, binti aliyepita kiwanjani kila asubuhi na ndoo kichwani akitoka kuteka maji bondeni, ambaye alimwambia kwamba fundi anayejenga nyumba nzuri hivi bila kufikiria maji ya kunywa hajawahi kubeba ndoo maishani mwake. Walifunga ndoa tarehe 24 Septemba 1988, wakajaliwa watoto watatu, Valeria, ambaye ni mwalimu Lindi, Eric, mwenye duka la vifaa Masasi, na Dorika, fundi mwashi aliyesoma chuo cha ufundi, aliyefanya kazi bega kwa bega na baba yake kwa miaka tisa iliyopita, na wajukuu watano.

Maneno yale ya Dominika ndiyo yaliyozaa sifa kubwa ya marehemu, na ndiyo yaliyozaa kosa lake, na yeye mwenyewe alisisitiza kwamba siku akisomewa historia, kosa lisirukwe. Sote tunaoishi huku juu tunajua maji yetu ni ya mvua, tunayakinga kwenye bati, yanapita kwenye gata, yanaingia kisimani, na mwenye kisima kilichojaa mwezi wa nne ana amani mpaka mwezi wa kumi na moja. Mzee wetu akabuni kisima kilichoungana na ukuta wa nyumba upande wa juu wa mteremko, ili mama achote akiwa kibarazani, asitoke mvuani wala asitembee na ndoo, na kina mama walimpenda kwa hilo, wakaviita visima vya mlangoni, na kati ya mwaka 1994 na 2009 alijenga nyumba ishirini na tatu za namna hiyo kwenye mteremko huu.

Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 2016, baada ya mvua ya siku nne, ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bi. Shakila, Mama Nurdin, ulizama na kuanguka, na ni rehema ya Mungu tu kwamba watoto walikuwa wametoka kwenda shule. Watu walisema ni mvua, wengine walisema ni saruji, na Mama Nurdin mwenyewe alikuwa tayari kuyapokea yote mawili. Marehemu alishuka na sururu pale ukuta ulipozama, akachimba pembeni mwa msingi, akauchukua udongo akaunusa, ukawa umelowa kama uji, akaona kwamba kisima kilikuwa na ufa chini, na kwamba kwa miaka mingi kilikuwa kikivuja polepole chini ya msingi uleule alioujenga kwa mikono yake. Akapanda juu, mbele ya watu wote, akasema, "Mama Nurdin, si mvua wala si saruji yako, ni mimi, niliweka maji mahali nilipopaswa kuyakimbiza."

Angeweza kunyamaza, na hakuna mtu ambaye angejua. Jioni ile Mama Valeria alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyenye matope, akihesabu kwa vidole nyumba zilizobaki, ishirini na mbili, zote zina watu, zote zina kisima mlangoni, na kuanzia siku hiyo jambo moja tu lilimkosesha raha, kuzifikia zote kabla mvua haijazifikia.

Alianza na nyumba ya Mama Nurdin, akaijenga upya, kisha akapita nyumba kwa nyumba, akibisha hodi na kumweleza kila mwenye nyumba kwa mdomo wake mwenyewe, na haikuwa rahisi, kwa kuwa kutengeneza msingi kulihitaji kwanza kukikausha kisima na kukihamishia mbali, na kumwambia mama wa Newala akimwage kisima chake mwezi wa sita ni kumtafuta ubaya. Wapo waliomcheka, yupo aliyemfungulia mbwa, na yupo aliyemshukuru akamwomba arudi mwakani, miaka mitatu mfululizo. Waliokubali walitoa saruji na mchanga, yeye na Dorika walitoa nguvu zao, kisima kipya kwanza, upande wa chini na mbali na ukuta, ndipo msingi.

Msingi wenyewe waliutengeneza kipande kwa kipande, kwa namna ambayo wengi wenu mmeiona na mkadhani ni uvivu. Huwezi kuchimba chini ya ukuta wote kwa mpigo, nyumba itakukalia, kwa hiyo unachimba urefu wa mita moja, unaruka mita moja, unachimba nyingine, unaweka nondo, unajaza zege mpaka lishike chini ya msingi wa zamani, unalimwagilia maji siku saba, ndipo unarudi kwenye vile vipande ulivyoviruka. Nyumba moja ilichukua miezi miwili au mitatu, na kazi ilifanyika kiangazi tu, kwani marehemu alikuwa na sheria moja ambayo hata Dorika hakuruhusiwa kuihoji, kwamba hakuna kuchimba chini ya ukuta wakati wa mvua.

Kufikia Novemba 2024 nyumba ishirini na mbili zilikuwa zimekamilika, na iliyobaki ilikuwa ya Mzee Hamudi, jirani yetu wa chini kidogo ya barabara, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukisifia kisima cha mlangoni, na ambaye siku alipoletewa habari ya kosa alijibu kwamba nyumba yake haijawahi kuugua na haihitaji mganga. Aliona anachekwa, kwa sababu nyumba ile ilikuwa jasho lake la misimu kumi ya korosho, na kwa miaka minane watu hawa wawili, waliokuwa marafiki, walibaki kusalimiana tu.

Oktoba 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali hapa Newala, kisha Mtwara, ambako iligundulika kwamba moyo wake umepanuka, akapewa dawa na kukatazwa kazi nzito, akazitumia dawa na kuyasahau makatazo. Januari mwaka huu alipoona hawezi tena kupanda ngazi ya nyumba yake, na mvua zimeanza, na ufa kwenye ukuta wa Mzee Hamudi unaonekana kutoka barabarani, alikodi bajaji, akajipeleka na kiti chake, akakaa uani kwa Mzee Hamudi kuanzia saa mbili asubuhi. Akasema, "Shikamoo kaka," akajibiwa, "Marahaba," na jioni akaondoka na kiti chake. Alirudi siku ya pili, akarudi siku ya tatu. Siku ya nne Mzee Hamudi alitoka ndani na jembe begani, akasema, "Wewe mtu utanifia uani, nionyeshe pa kuanzia."

Ndipo marehemu akaivunja sheria yake. Dorika alikataa kabisa, alimwambia baba yake waziwazi kwamba kuchimba chini ya ukuta mwezi wa kwanza ni kuiua nyumba, wakabishana mpaka Mzee Hamudi akawaletea chai, na mwishowe walikubaliana kuchimba mitaro ya kukinga maji, kufunika kwa maturubai, na kutoacha shimo lolote wazi zaidi ya siku mbili. Kazi ilianza Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025, vipande kumi na viwili, marehemu akielekeza kutoka kitini na Mzee Hamudi akichanganya zege kwa umri wake wa miaka sabini na minne, na Mama Valeria anashuhudia kwamba katika wiki zile mumewe alicheka kuliko alivyocheka kwa miaka minane.

Jumamosi, tarehe 8 Machi, shimo la kipande cha kumi na mbili lilichimbwa. Jumapili hali ya marehemu ilibadilika, akakimbizwa hospitali, na Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 63, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Valeria, na neno lake la mwisho kwa Dorika lilikuwa swali, kama shimo limefunikwa.

Jana Jumanne mlikuwepo, lakini kwa wageni mliofika leo tunaeleza. Wingu lilikuwa zito tangu asubuhi, shimo liko wazi chini ya ukuta, na desturi yetu ni kwamba mtoto wa marehemu hatoki mkekani wala hagusi chombo cha kazi mpaka baba azikwe, na wazee walilisema hilo kwa nia njema. Mama Valeria, ambaye naye hakupaswa kusema, alituma neno kutoka ndani, "Dorika aende, baba yake hakuwahi kuacha shimo wazi kupita siku mbili." Akaenda. Na vijana waliokuwa wameshika majembe kwenda kuchimba kaburi walitazamana, wakagawana, nusu wakaenda makaburini na nusu wakateremka kwa Mzee Hamudi, wengi wao wakiwa wamefunga Ramadhani, wakapokezana karai za zege kwa mstari kutoka barabarani hadi shimoni. Dorika alilia akichanganya, akalia akishindilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Zege la mwisho liliingia saa nane mchana, na mvua ikashuka saa tisa, kubwa, na ukuta haukutikisika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Newala na Mtwara, inamshukuru padre wetu na masheikhe waliofika, mafundi wenzake wa Newala, Masasi na Chiungutwa, Mama Nurdin aliyepika tangu Jumatatu wakati yeye mwenyewe amefunga, na ninyi vijana wa karai na ninyi vijana wa kaburi, ambao hatuwatofautishi.

Lipo tangazo moja. Mzee Hamudi hayupo hapa sasa hivi, na asilaumiwe, amebaki kulimwagilia zege kama alivyoagizwa, lakini amesema wageni wote wa Chiwata na Lulindi wasiokuwa na pa kulala leo walale kwake, futari ipo na mikeka ipo. Dorika anaongeza kwamba ni vyumba vya mbele tu, cha nyuma hakuna ruhusa mpaka siku saba zitimie.

Baba Valeria, umetangulia, sisi tunabaki ndani ya nyumba ulizoziimarisha, na usiku huu ya ishirini na tatu itajaa watu wako. Pumzika kwa amani, Fundi, kazi imeisha.