Harambee Tuliyoogopa Kuiitisha

Nawasalimu kwa jina la Yesu, ndugu zangu, na namshukuru Mungu kwa kunisimamisha mbele yenu asubuhi hii. Wengi mnanijua. Mimi ni Eunice, mtoto wa pili wa yule fundi mstaafu wa reli, hapa hapa Mowlem. Alhamisi, Mungu akipenda, napanda ndege kwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja katika makao ya watu wenye ulemavu. Sitaki kuondoka kabla sijasema Mungu ametutoa wapi, kwa sababu mliokuja kwetu mwezi uliopita mlifikiri mmekuja kuchangia tiketi tu.

Nianze na kaka yangu Silas, kifungua mimba wetu. Miaka michache iliyopita alipata kazi ya udereva Uarabuni, na mtaa huu ndio uliompeleka. Mlichanga. Mama Atieno, anayeshona sare za shule pale karibu na steji ya matatu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa harambee ile. Miezi ya kwanza Silas alipiga simu, hata akatuonyesha kitanda chake. Kisha simu ikazimwa. Mpaka leo hatujui kama ni mgonjwa, kama amefungwa, au kama ametukataa tu.

Ndugu zangu, uchungu ulikuwa mwingi, lakini aibu ndiyo iliyotumaliza. Mwanzoni watu walimuuliza mama sokoni, "Silas anasemaje?" Baadaye wakaacha kuuliza, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Mama alidhani kila mtu anakumbuka alichotoa. Akaacha chama cha akina mama. Hapa kanisani akahamia viti vya nyuma, na ibada ikiisha humpati. Tena fikirieni, kila aliyemsalimu alimwita Mama Silas. Baba naye alinyamaza. Jina la kaka yangu halikutajwa tena mezani kwetu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, nikaanza kusaidia katika kituo kimoja Mathare, kinachotunza watoto wenye ulemavu mama zao wakienda vibarua. Pale nilijifunza kumlisha mtoto asiyeweza kumeza vizuri, kumgeuza, kumwogesha bila kumtisha. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Msimamizi wetu akaniambia kuna shirika linalopeleka vijana ng'ambo mwaka mmoja kufanya kazi kama hiyo na kujifunza. Nikaomba, nikahojiwa, nikachaguliwa.

Malazi na chakula wangenipa. Tiketi, viza, vipimo vya hospitali na nguo za baridi vilikuwa juu yangu. Na kulikuwa na sharti lingine: niwe na kundi la watu wa nyumbani watakaonichangia na kuniombea mwaka mzima. Hawakutaka tajiri mmoja alipe kila kitu. Walitaka watu. Na watu wangu ni akina nani? Ni nyinyi, mliomchangia Silas.

Baba aliposikia, aliweka kikombe chini. "Nyumba hii haitaita harambee nyingine," akasema. "Nitasimama mbele yao niwaambie nini? Kwamba huyu ndiye atarudi?"

Sikumlaumu. Nikajaribu peke yangu. Nilifua nguo za watu Buruburu, nikauza keki nje ya ofisi, nikachoka, na bado sikuwa nimefika hata nusu. Lile kundi nalo sikuwa nalo. Mwishowe nikampigia mratibu wa shirika, nikamwambia nafasi yangu ampe mwingine. Akaniomba nifikirie hadi mwisho wa juma. Nikafunga na kuomba. Sikusikia sauti yoyote, nisiwadanganye. Nilihisi njaa tu.

Kesho yake kituo kikanituma kwa Mama Atieno kuchukua aproni za watoto. Nilitaka kuchukua na kuondoka. Akanizuia.

"Eunice, mimi na mama yako tulikosana lini?"

"Hamjakosana, mama."

"Sasa mbona ananikimbia?"

Ndugu zangu, nililia pale katikati ya vitambaa. Nikamwambia yote, Ujerumani, baba, aibu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema polepole, "Kwa hivyo mlidhani tunataka pesa zetu? Mtoto wetu amepotea, na nyinyi mkaamua kulia peke yenu." Akafunga kibanda mchana huo huo, wateja wakiwa wamesimama, akajitupia leso begani. "Twende."

Mama aliposikia sauti yake mlangoni aliingia chumbani. Mama Atieno akaketi kwenye kochi. "Mama Silas, nitakaa hapa mpaka utoke," akasema. "Hata chai nimejimiminia."

Tulingoja. Mama akatoka, hakuinua uso. "Sikuwa na la kukuambia," akasema.

"Nani alitaka kuambiwa? Nilikuja kulia na wewe. Nilikuja mara mbili, mkazima redio mkanyamaza."

Ilikuwa kweli. Wakashikana, wakalia kama watu wanaotoka kuzika. Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Jumapili iliyofuata ni yeye aliyemwendea mchungaji kuomba tangazo la harambee litolewe.

Mliofika mliona. Kabla ya mchango wowote, baba alisimama. "Mlimpeleka mtoto wangu Silas," akasema, "na sijui aliko. Nimeona haya kuwaangalia machoni. Leo naomba tena, kwa ajili ya Eunice. Na kama mkono ni mtupu, waombeeni watoto wangu hawa wote wawili." Mkasimama nyote mkamwombea kaka yangu kwa jina, kwa muda mrefu, na hakuna aliyeuliza habari ya tiketi.

Baadaye ndipo furaha ikaja. Jogoo mmoja aliyeletwa kama mchango aliuzwa kwa mnada, akarudishwa, akauzwa tena, mpaka akachoka kuwika. Vijana wa kwaya wakaleta jaketi zito kutoka soko la mitumba la Gikomba. Akina mama wa watoto wa kituo walitembea kutoka Mathare, na mmoja, mwanawe mgongoni, akanipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Kundi nililotakiwa kuwa nalo likapatikana siku ile, na Mama Atieno ndiye mwenyekiti wake.

Silas bado hajapiga simu. Siwezi kuja hapa madhabahuni niwaambie vinginevyo. Lakini Mungu ametufungua. Mama amerudi kwenye chama, baba anataja jina la mwanawe, na akiomba kabla ya chakula mara nyingine sauti inamkatika, nasi tunamngoja amalize.

Nawashukuru, kila mmoja, mliotoa na mliosimama tu mkaomba. Na wewe unayeogopa watu kwa sababu ya jambo lililokupata nyumbani, mwamini Mungu na umfungulie anayebisha. Pengine unayemkwepa anataka tu kukaa nawe.

Mkiniombea nikiwa kule, anzeni na Silas. Mimi nitangoja zamu yangu.