Miaka Ishirini na Saba ya Nyamai na Mwende

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Josphat Nyamai, fundi mkuu wa boila na dereva wa injini yetu ya mvuke, anastaafu baada ya kutumikia treni hii kwa miaka ishirini na saba. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa ofisi ya tikiti miaka kumi na tisa na nimeyaona mengi kupitia dirisha langu. Nimeombwa pia niwe mpole. Nitajaribu.

Kwa wageni wetu: treni hii ya kale hubeba watalii kutoka Emali hadi Kibwezi na kurudi. Ina mabehewa manne ya mbao na injini moja tu, ambayo Nyamai mwenyewe aliipa jina la Mwende, yaani mpendwa kwa Kikamba. Mkewe, Bi. Muthoki, huulizwa kila sherehe kama haoni wivu. Hujibu kwamba huyo mwenzake angalau hana nguo za kufuliwa wala hali chapati.

Nyamai alitoka Kikima mwaka 1998 akiwa mchomeleaji wa mageti. Wakati huo Mwende alikuwa amelala kando ya reli, kutu tupu, miiba imemfunika hadi kwenye magurudumu. Marehemu Mzee Kinyanjui, dereva wa enzi za mvuke, alikuwa ametafuta vijana wa kumsaidia kumfufua, akapata wanne. Siku ya kwanza walipofungua bomba la moshi, nyuki wakatoka. Watatu walikimbia na hawajarudi mpaka leo. Nyamai aliuliza kama kuna mtu ana ndoo. Walipata asali madebe mawili kabla ya kulegeza nati hata moja, na miaka mitatu baadaye Mwende alipiga honi yake ya kwanza, soko zima la Emali likasimama kusikiliza.

Tangu hapo hakuna abiria aliyewahi kuumia, na boila haijawahi kutusumbua hata siku moja. Siri yake ni sufuria. Kila asubuhi ya safari, Nyamai huchota maji kwenye tangi la Mwende na kutupikia chai, wafanyakazi wote. Maji ya visima vya huku mengi yana chumvi, na chumvi hufanya boila itoe povu na kuoza ndani kwa ndani. Chai ikinyweka, treni inaondoka. Isiponyweka, hakuna safari, hata awe amekuja nani.

Kuna mwaka wa kiangazi ambapo lori la maji lilituletea maji ya kisima kisicho chetu. Wageni hamsini na tatu walikuwa wameshakaa, kamera shingoni, Nyamai akakataa katakata. Saa nzima ikapita, kelele ikaanza, meneja akaanza kutokwa na jasho. Mzee hakubishana na mtu. Alipita behewa kwa behewa na birika, akamimina chai ya maji hayo hayo ya chumvi, akangoja waonje. Ajabu! Hakuna aliyeuliza tena kwa nini tumechelewa. Wawili waliomba wapewe vikombe vyao waende navyo kwao kama kumbukumbu.

Sasa nifike mahali ambapo upole wangu unaishia. Mzee wetu ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwachia mtu Mwende. Amepewa wanafunzi wawili kabla ya huyu wa sasa, na wote waliondoka wakiwa mabingwa wa kupangusa shaba. Kwa hiyo Januari mwaka huu tulikuwa na mtu mmoja tu mwenye cheti cha kuendesha injini ya mvuke, naye alikuwa anastaafu Novemba. Bodi ilituandikia barua fupi. Asipopatikana mwingine mwenye cheti kabla ya siku hiyo, Mwende atazimwa, awekwe juu ya zege mbele ya stesheni, watu wawe wanapiga picha. Sisi ishirini na wawili tutafute kazi kwingine. Mwenzenu nina watoto wawili sekondari. Sikulala vizuri.

Mwanafunzi aliyebaki alikuwa Fahima Othman, binti wa Mwingi, mji ambao reli haijawahi kuukaribia. Miezi ya kwanza Mzee alimpa kitambaa cha kupangusia, kama kawaida yake. Fahima alipangusa, kisha akauliza swali. Alijibiwa, akauliza lingine. Kufikia Aprili Mzee alikuwa amechoka kujibu, akaona ni rahisi zaidi kumwachia ashike. Akaanza kumwita mwiitu wakwa, binti yangu, na hapo tukajua mambo yameiva.

Mtihani uliwekwa Agosti. Mkaguzi, Bwana Idris, alipanda na Fahima, na Nyamai akaambiwa asimame jukwaani, asiseme kitu. Kweli hakusema. Lakini kofia yake ilikuwa na mdomo! Ilipaswa kuongezwa maji, kofia ikapanda. Ilipaswa kupunguzwa mvuke, kofia ikashuka. Fahima hata hakuwa anaitazama, maskini. Ila Bwana Idris aliiona. Alisimamisha injini akachungulia nje. “Mimi namtahini nani hapa,” akauliza, “huyu binti ama hiyo kofia?” Mtihani ukafutwa. Siku hiyo sikumsalimia Mzee, na najua si mimi peke yangu.

Mtihani wa pili ulikuwa Jumatano tarehe 12 Novemba, na hakukuwa na wa tatu. Asubuhi hiyo Nyamai alikuja ofisini kwangu mwenyewe, akaniomba nimfungie ndani na funguo nikae nazo. Basi tukakaa, mimi na yeye, nikampa tikiti za kugonga muhuri ili mikono iwe na kazi. Tulimsikia Mwende akitoka taratibu, pumzi moja moja, akielekea ule mlima ulio nje ya stesheni. Kulikuwa kumenyesha na reli ilikuwa na utelezi. Ghafla pumzi zikawa nyingi, za mbio, hovyo hovyo. Hata mimi wa tikiti nilijua magurudumu yanateleza.

Mzee alisimama. Akasema polepole, akiuambia ukuta, “Funga. Mchanga. Fungua kidogo.” Alitazama mlango, kisha akanitazama mimi. Ningemfungulia, nakiri, angeniomba tu. Hakuomba. Alikaa chini, akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Kimya kikafuata, kirefu mno. Halafu pumzi moja. Halafu nyingine, nzito, yenye nguvu, na Mwende akapanda mlima wote bila kuteleza tena. Bwana Idris alitia sahihi saa tano kasorobo. Nilipiga kelele hadi mama wa mahindi barabarani akaja kuuliza ni nani amefariki.

Fahima alipoulizwa jioni alifanyaje, alisema alifunga mvuke, akamwaga mchanga relini ili magurudumu yashike, akafungua kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote kuhusu yaliyosemwa ofisini.

Ijumaa Mwende anatoka saa tatu asubuhi, Fahima akiendesha. Nilikuwa nimewatengea Mzee na Bi. Muthoki viti viwili vya dirishani katika behewa la kwanza, nyuma tu ya injini, nikidhani nimemfurahisha. Juzi alikuja kuomba nimbadilishie. Anataka behewa la mwisho, mwisho kabisa, Fahima asije akageuka akamwona, akadhani anakaguliwa. Nilimwandikia tikiti mpya. Alipoondoka nilifunga dirisha nikalia.

Asante, Mzee Nyamai, kutoka kwetu sote ishirini na wawili ambao Jumatatu tutaamka tukija kazini. Nenda Kikima ukapalilie kahawa yako taratibu. Tunakuombea afya, miaka mingi na Bi. Muthoki, na usingizi mzuri. Mwende yuko katika mikono salama.

Roselyne Wakiuru, ofisi ya tikiti, Emali