Hitaji la Maombi Lililomfunga Kioko

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Siku Mutua alipopimwa tulikuwa wanne nyumbani kwetu hapa Kilungu: ndugu yangu Mutua, kitandani; mdogo wetu Katunge, na kikombe cha uji; Syombua, nesi wa zahanati; na mimi Ndinda, kifunguamimba. Wote wameniruhusu kuwataja.

Mnajua Ukimwi ulituchukulia baba na mama. Niliacha shule darasa la sita, nikawalea Mutua na Katunge kwa kuuza maembe na parachichi. Niliapa ugonjwa ule hautaingia kwetu tena. Kumbe mlango niliufungua mimi!

Mutua anapenda wanaume. Nilijua, nikanyamaza. Rafiki yake Kioko alijitolea kuwaletea vijana kama wao kondomu, vipimo, na vidonge vya kujikinga na virusi, kwa sababu waliogopa foleni ya hospitali. Sheria yetu inaweza kumfunga mwanamume anayelala na mwanamume mwenzake miaka kumi na minne. Nani atamweleza daktari mambo yake?

Siku moja niliviona vile vidonge chini ya godoro. Nikafanya nini? Nilisimama hapa hapa, kwenye maombi ya akina mama ya Jumatano, nikatoa hitaji: "Mwombeeni ndugu yangu. Kuna Kioko anamletea dawa za wanaume wanaolala na wanaume." Mkasema amina. Kufika Ijumaa, maneno yangu yalikuwa yamefika polisi, Kioko alikuwa korokoroni, na vidonge vimewekwa mezani kama ushahidi. Alikaa siku nne, akaachiliwa, akahamia Ikutha. Hakuna kijana aliyethubutu kuulizia vidonge vingine.

Miaka miwili ikapita. Mutua akakonda, akakohoa, akakataa hospitali. Ndipo nikamwita Syombua nyumbani.

"Mutua, tukupime," Syombua akasema.

"Utaandika nini? Na utampelekea nani?"

"Naandika dawa, kijana. Polisi hawawezi kusoma mwandiko wangu. Hata mimi hunishinda!"

Katunge akacheka. Mutua hakucheka. Alinitazama mimi. "Dada, maombi yenu huja na gari la polisi."

Ndugu zangu, nililia! Nikapiga magoti mbele ya Mutua. "Nilikuuza, nikasema nakuombea. Nisamehe." Mutua akampa Syombua kidole achomwe, damu ipimwe.

Virusi vilikuwemo. Lakini Bwana ni mwema! Mutua alianza dawa wiki ile ile. Leo anachomelea milango pale sokoni, anakula kunishinda, na virusi vimepungua hadi kipimo hakivioni. Mimi nami nimefunguliwa kutoka kwa hofu niliyoiita utakatifu.

Sheria bado iko, na vijana bado wanajificha. Ukiwa na mtoto kama Mutua, mtegemee Mungu, kisha mshike mkono mwende naye kupimwa. Jina lake libaki kati yako na Mungu.

Nilimpigia Kioko simu kuomba msamaha. Akajibu, "Sema mbele ya wale wale uliowaambia." Basi nimesema. Lakini Kioko alikuwa akiwapelekea vidonge vijana wengine wanne. Watatu nimewapata, nikawafikisha kwa Syombua. Wa nne alikuwa akitoka Mbooni, na simu yake haipatikani. Huyo bado ananidai.